Kuogopa kupanda ndege: jinsi ya kutumia miwani ya VR kuimaliza hofu, hatua kwa hatua

Kila wiki napata meseji zilezile. Dada, ni kweli kuna miwani ukivaa unajiona uko ndani ya ndege? Dada, simu yangu inaweza? Nimejaribu mara moja nikataka kutapika, nifanyeje? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa leo naandika yote mahali pamoja, mtu akikuuliza mtumie hii.

Mimi nauza vitenge Kikuubo, katikati ya Kampala. Miaka minane nilikuwa naenda Nairobi na Dar kwa basi, sababu ni safari moja tu ya ndege. Tuliondoka Entebbe jioni mvua inakuja, ndege ikatikisika juu ya ziwa mpaka mama wa kiti cha mbele akaanza kusali kwa sauti. Tulifika salama kabisa, hakuna hata begi lililopotea, lakini nilishuka nikasema mimi na ndege basi. Na basi la Dar unalijua, linakula siku nzima na zaidi, unafika miguu imevimba na mwenzako aliyeruka ameshachagua mzigo mzuri wote amerudi zake. Aliyenitoa huko ni kaunsela mmoja hapa Kampala aliyekuwa na miwani ya VR, ile inayokuonyesha picha pande zote mpaka unajiona uko ndani yake. Nilifanya naye vipindi vinne, vingine nikafanya nyumbani nikisaidiwa na wifi yangu, shemeji wa kike. Saa hii napanda. Tumbo bado linajikaza kidogo mlango ukifungwa, lakini napanda.

Nadharia nakupa kidogo tu kisha tuendelee. Hofu inalishwa na kukimbia. Kila ukikwepa ndege ubongo unajiandikia kwamba umepona kwa sababu ulikwepa, ukikaa na kile unachokiogopa muda wa kutosha bila kukimbia unaanza kuandika upya. Daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliandika tangu 1958 kuhusu kuipanda hofu kama ngazi, kidogo kidogo. Shida ya ndege ni kwamba huwezi kumwambia rubani naomba upae tena mara tano mimi bado sijazoea. Miwani inaweza. Barbara Rothbaum na Larry Hodges kule Atlanta, Marekani, walianza kuijaribu miaka ya 1990, na katika utafiti wao uliotoka 2000 watu walifanya vipindi 8 ndani ya wiki 6, vinne vya kujifunza kutuliza mwili na vinne vya kuikabili ndege yenyewe. Kundi moja liliikabili ndani ya miwani, lingine likapelekwa uwanjani kukaa kwenye ndege ya kweli iliyoegeshwa, na matokeo ya makundi hayo mawili yakawa sawa. Kwa hiyo hii ni tiba ya kweli, si mchezo wa watoto wa mjini.

Kabla hujaanza: nani asifanye peke yake

Hapa naomba usirukie. Kama una kifafa au umewahi kuanguka kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzima haraka, usivae miwani hii mpaka daktari akuruhusu. Vilevile mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, na mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara. Watoto wadogo waache kabisa.

Halafu kuna hofu ambayo si ya ndege. Kuna watu kwetu wamepitia vita, kaskazini mwa Uganda au ng'ambo ya mpaka kule Kongo, mlio wa injini angani unawarudisha mahali pabaya, usiku wanaota. Ndugu yangu kama ni wewe, usijifungie chumbani na miwani. Nenda kwa mtu wa tiba ya akili kwanza, Butabika, hospitali kubwa ya akili hapa Kampala, wapo na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Hata kwa mwenye hofu ya kawaida, kama hofu yako ni ile ya kuzimia kabisa, vipindi vya mwanzo fanya na mtaalamu, hivi vya nyumbani vije baadaye.

Vitu unavyohitaji

- Miwani. Ziko aina mbili. Ile inayojitegemea kama Meta Quest, ina kioo chake na kompyuta yake ndani, ndo nzuri zaidi lakini bei yake imesimama. Na ile fremu ya plastiki au ya boksi unayoingiza simu, wazo lililosambazwa na Google Cardboard kuanzia 2014, hii ni rahisi na unaipata kwenye maduka ya vifaa vya simu mjini. Mimi nyumbani nilitumia hii ya simu.
- Simu yenye gairoskopu, yaani kile kifaa cha ndani kinachojua simu imegeukia wapi. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Pima hivi kabla hujanunua fremu: fungua video ya digrii 360 YouTube, ile iliyopigwa pande zote, simama, zunguka na simu mkononi. Picha ikizunguka na wewe, ipo. Ikiganda pale pale mpaka usukume kwa kidole, haipo, azima simu nyingine.
- Hedfoni zinazoziba masikio. Usizidharau, kwa ndege sauti ni nusu ya hofu.
- Kiti chembamba chenye mikono. Kile cha plastiki cha kawaida kinatosha.
- Mkanda wa nguo au leso ndefu ya kujifunga kiunoni. Nitakuambia kwa nini.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa kukaa na wewe. Asiwe mtu wa kucheka hofu ya mwenzake.
- Video au programu. Kaunsela ana programu ambayo anabonyeza yeye mwenyewe mvua, mtikisiko, usiku, kutua. Nyumbani utatumia video za 360 zilizopigwa ndani ya ndege, tafuta zile ndefu zinazoanzia abiria wanapokaa mpaka kutua. Weka ubora wa juu, 4K kama simu inabeba, manake picha inatandazwa pande zote na ubora wa chini unaona ukungu mtupu. Inakula bando sana, tafuta intaneti ya Wi-Fi.

Hatua zenyewe

1. Jua unaogopa nini hasa. Ukiniambia "naogopa ndege" bado hujaniambia kitu. Kuna anayeogopa kuanguka. Kuna anayeogopa kufungiwa, mlango ukifungwa anahisi hewa imeisha. Kuna anayeogopa maji chini, na Entebbe uwanja uko kando ya ziwa kabisa, ndege ikiondokea upande wa kusini sekunde chache unaona Victoria tu. Kuna anayeogopa aibu, kwamba atapiga kelele watu wamwangalie. Andika sentensi moja kwenye daftari: "Nikiwa ndani ya ndege naamini kwamba..." umalizie mwenyewe. Yangu ilikuwa "naamini ikitikisika itavunjika na mimi nitapata kichaa kabla haijavunjika". Usione haya, hakuna anayesoma.

2. Tengeneza ngazi. Hofu unaipa namba, 0 ni kama umelala, 100 ni mbaya kuliko zote. Andika mambo ya safari kuanzia dogo mpaka kubwa, kila moja na namba yake. Ngazi yangu ilikuwa hivi: kuona ndege inapita juu 20, kufika uwanjani na begi 35, kukaa kwenye kiti ndege imesimama 45, mlango kufungwa 60, kukimbia kwenye njia ya kurukia 75, kupaa 80, kutikisika mchana 90, kutikisika usiku na mvua 100. Ya kwako itakuwa tofauti, shemeji yangu mmoja kupaa kwake ni 30 lakini kutua 95. Usinakili yangu.

3. Jifunze pumzi, siku tatu nne kabla ya miwani. Ukiogopa unapumua haraka na juu juu, hewa ya kabonidayoksaidi inapungua mwilini, ndo vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi, halafu wewe unadhani unakufa. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole kwa mdomo ukihesabu 6. Dakika 5 asubuhi na 5 usiku. Lakini sikia, pumzi hii ni ya kukusaidia ubaki kwenye kiti. Ukianza kuitumia kuifukuza hofu kila inapochungulia, umeigeuza kuwa njia nyingine ya kukimbia.

4. Andaa chumba. Weka kiti pembeni, bega moja liguse ukuta, na upande wa pili aketi msaidizi wako karibu mpaka mnabanana. Kwenye ndege unabanwa, hapa ubanwe. Jifunge ile leso kiunoni kama mkanda, kwa sababu mwili ukihisi mkanda unaamini haraka kuliko macho yanavyoamini. Kama una spika kubwa yenye besi nzito iweke chini ya kiti igusane nacho, mngurumo wa injini utapanda kwenye mgongo. Hata wale wa Atlanta waliweka spika ndani ya kiti, si mambo ya kubuni. Ondoa meza, stuli, sigiri, chochote unachoweza kukipiga teke. Zima meseji na simu zinazoingia, mlio wa mtu anayedai mzigo wake katikati ya kupaa unaharibu kila kitu.

5. Kipindi cha kwanza usipande ndege. Vaa miwani tazama kitu cha amani, ufukwe, mbuga, dakika 5 tu, uzoee kugeuza kichwa polepole. Vua, pumzika, ona kama kuna kichefuchefu. Kama kipo leo ishia hapo, kesho ongeza dakika mbili. Ukikimbilia ndege mwili haujazoea miwani, kichefuchefu na hofu vitachanganyika na hutajua kipi ni kipi.

6. Kaa kwenye kiti cha ndege iliyosimama, na uandike utabiri kwanza. Kabla ya kuvaa andika unachoamini kitatokea: "nitashindwa kupumua ndani ya dakika mbili", "nitapiga kelele". Kisha vaa. Tazama viti, tazama dirisha, tazama watu wanavyopanga mabegi juu. Msaidizi kila baada ya dakika mbili tatu anauliza namba, anaandika. Haongezi lingine. Asikuambie usiogope, asikuambie ni video tu, akikuambia ni video tu anakutoa ndani ya ndege.

Kwetu ilikuwa hivi.

"Wifi, ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Haya, tukae."

Kimya. Nasikia tu AC ya ndege kwenye hedfoni na chini yake kwa mbali boda zinapita nje.

"Wifi, ngapi?"

"Hamsini."

"Tukae."

Ukivua soma ule utabiri wako na uandike kilichotokea kweli. Mimi niliandika "nilipumua dakika 25, nikasikia njaa". Hiyo karatasi ina kazi kubwa, itunze.

7. Usivue miwani hofu ikiwa juu. Kama utasahau yote niliyoandika shika hii. Hofu inapanda, inafika kilele, halafu inashuka yenyewe, lakini hutaiona ikishuka kama unaondoka ikiwa kileleni. Mara ya pili nyumbani niliruka ngazi, nikaweka video ya mtikisiko kabla sijamaliza kupaa. Nikafika 95, jasho likajaza lenzi mpaka sioni, nikang'oa miwani nikaitupa kitandani. Raha niliyoipata dakika ile! Kesho yake nikaigusa tu ile fremu nikiwa bado sijaiwasha, tayari 60. Nikampigia musawo, ndo tunavyomwita mtu wa tiba huku kwetu, akaniambia ulivua ukiwa juu kwa hiyo mwili umejifunza kwamba kuvua ndo kumekuokoa, sasa shuka ngazi mbili uanze pale. Nilipoteza wiki nzima.

Kwa hiyo kaa mpaka namba ishuke angalau nusu ya ilipofika, au angalau ujue kwa hakika kwamba lile uliloliogopa halijatokea. Mara nyingi ni dakika 20 mpaka 40. Kama video ni fupi msaidizi anairudisha mwanzo, wewe unabaki ndani. Kuivua kwa sababu ya kichefuchefu kikali au kichwa kuuma ni ruhusa, hiyo siyo kukimbia.

8. Rudia ngazi ileile mpaka ichoshe. Si mpaka uiweze, mpaka ichoshe, mpaka uanze kuwaza supu ya mchana. Ikichosha panda inayofuata. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki vinatosha, ukifanya kimoja kwa mwezi kila mara utaanza upya.

9. Kupaa: jifunze sauti kabla. Watu wengi hawaogopi kupaa, wanaogopa sauti wasizozijua. Nakutajia zile zilizokuwa zinaniua. Ndege ikiwa bado chini, hasa kwenye unyevu wa kwetu, matundu ya AC yanatoa ukungu mweupe kama moshi, ni maji ya hewa tu yamepoa. Taa zinaweza kuzima nusu sekunde na kuwaka, wanabadilisha chanzo cha umeme kwenda kwenye injini. Baada ya kuacha ardhi unasikia kishindo chini ya miguu, matairi yanaingia ndani na milango yake inafungwa. Halafu ile mbaya kuliko zote, dakika moja hivi baada ya kupaa injini zinapunguza sauti ghafla na tumbo linahisi kama mnaanguka. Hamuanguki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kuondokea haihitajiki tena, ndege bado inapanda. Na ile kengele ya ting ni wahudumu wanaitana au taa ya mkanda, hakuna siri ndani yake.

Kwenye miwani msaidizi asome majina haya kwa sauti ya chini kila yakitokea mara ya kwanza, "matairi", "injini zimepungua", mara ya tatu nyamaza. Na ujue kwamba video nyingi zimepigwa kwenye ndege zenye injini chini ya mabawa, zile CRJ900 za Uganda Airlines injini ziko nyuma kwenye mkia, kwa hiyo mbele kuna utulivu na nyuma kuna kelele. Siku ya kweli usishtuke sauti ikitofautiana.

10. Mtikisiko. Hapa chukua muda wako wote. Ndege kutikisika ni kama boda kupita kwenye lami yenye viraka, hewa nayo ina viraka. Mabawa yametengenezwa yapinde, na kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu lazima muundo wake uthibitishwe kubeba mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Wanaoumia kwenye mtikisiko wengi ni wasiofunga mkanda. Ziwa Victoria kweli linatengeneza radi nyingi, hasa usiku, lakini ndege ina rada ya hali ya hewa na rubani anazizunguka.

Ndani ya miwani anza na mtikisiko mdogo wa mchana. Msaidizi ashike mgongo wa kiti akitikise polepole kufuatana na picha, asizidishe, kiti cha plastiki kinavunjika. Wewe usishike mikono ya kiti. Najua. Weka viganja wazi juu ya mapaja, legeza miguu, acha mwili uyumbe na kiti. Mimi nilikuwa nakamata ile plastiki mpaka inaacha alama nyekundu kwenye kiganja, na nikadhani ndo inanisaidia. Siku nilipoachia viganja namba ilipanda mpaka 90, nikakaa, baada ya dakika kumi na kitu ikawa 40, na hiyo 40 ilikuwa yangu kweli, siyo ya kiti.

11. Kutua. Mlio mkali wa injini baada ya matairi kugusa ni breki za injini, na vile vibao vinavyosimama juu ya bawa ni vya kuua upepo ndege ikae chini. Wengi hawana shida hapa. Rudia mara mbili tatu uendelee.

12. Toka nje ya miwani. Miwani ni daraja, ukibaki juu ya daraja hujavuka. Nenda Entebbe siku ya kawaida bila safari, tazama ndege zikitua na kuondoka. Aero Beach kuna ndege kuukuu zimeegeshwa ufukweni, nenda uisogelee moja, uiguse bati lake, uandike namba yako kama ulivyofanya nyumbani. Kisha kata tiketi. Kata kabla hujajisikia tayari, maana ukisubiri kujisikia tayari utazeeka, na iwe ndani ya wiki mbili tatu za kipindi cha mwisho. Safari fupi kwanza, Nairobi ni kama saa moja hivi angani. Ukiweza kuchagua, chagua mchana, miezi ya kiangazi kama Januari au Julai. Kwenye ndege fanya yaleyale: mkanda, viganja wazi, namba kila baada ya dakika chache, utabiri kwenye karatasi.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kufumba macho ndani ya miwani. Unavaa, ikifika kupaa unafumba, halafu unaniambia dada haifanyi kazi. Macho wazi.

Kunywa kidogo kwanza ili kupata ujasiri, au kumeza kidonge cha usingizi. Hili nalisema kwa uzito. Mwaka 1997 watafiti wa Stanford waliwapeleka wanawake 28 wenye hofu ya ndege kwenye safari mbili, wiki moja katikati, baadhi wakapewa alprazolam, dawa ya kutuliza wasiwasi, safari ya kwanza. Siku ile waliopewa dawa walijisikia nafuu, safari ya pili bila dawa wakapata hofu kali kuliko wale ambao hawakupewa. Ubongo haukujifunza, ulilala. Lakini kama tayari daktari amekuandikia dawa usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma hapa, kaa naye mpange.

Kufanya mbele ya familia nzima. Watoto watacheka, utajizuia, na hofu iliyojificha haitibiki.

Kujaribu kutohisi kitu. Lengo si namba iwe 0. Mimi sina 0 mpaka leo.

Na kosa lingine, kuvua miwani na kupanda boda dakika hiyohiyo. Kichwa bado kinaelea, kaa nusu saa, kunywa maji, kula hata rolex yako, ile chapati iliyokunjwa na mayai.

Ikikwama

*Kichefuchefu hakiishi.* Weka feni ikupulize usoni, usigeuze kichwa haraka, usifanye na njaa wala ukiwa umeshiba sana, tangawizi inasaidia wengine. Chagua video ambazo kamera imetulia kwenye kiti, zile ambazo mtu anatembea na kamera ni mbaya mno. Ukiona baada ya siku tano bado, rudi kwa kaunsela, kuna watu miwani haiwafai na wanatibiwa kwa njia ya kawaida vizuri tu.

*Picha ina ukungu au naona mbili.* Futa lenzi kwa kitambaa laini, sogeza umbali wa lenzi mbili mpaka zilingane na macho yako, hakikisha simu imekaa katikati ya fremu. Kama unavaa miwani ya macho tafuta fremu pana uvae nayo.

*Simu inapata moto, video inakata.* Toa kava, punguza mwanga, pakua video mapema pale inaporuhusiwa, na chaji ijae kabla kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mtikisiko unakuwa umetolewa ukiwa kileleni. Ikitokea, baki kwenye kiti, macho umefumba safari hii, mkanda umefungwa, msaidizi aendelee kuuliza namba mpaka ishuke.

*Siogopi chochote, naona ni video tu.* Rudi hatua ya 4, kiti, leso, besi chini. Zima taa. Sema kwa sauti unachokiona: "nimekaa dirishani, mlango unafungwa". Ikishindikana kabisa ruka miwani, nenda hatua ya 12 moja kwa moja.

*Hofu haishuki, dakika 40 zimepita.* Kwanza jikague, unafumba macho? unasali kimoyomoyo ili isiendelee? umeshika kitu? Kusali ni vizuri, sali kabla na baada. Kama hakuna hata moja, shuka ngazi moja ukiwa bado umevaa, msaidizi abadilishe video, umalizie pale namba ikiwa chini. Ikijirudia vipindi vitatu mtafute mtaalamu.

*Nilipona, baada ya miezi sita imerudi.* Inarudi hasa kama hujapanda muda mrefu. Hujaanza upya. Vipindi viwili vya kupaa na mtikisiko, kisha safari.

*Nilifika uwanjani nikageuka nyumbani.* Wanaoniandikia hili wanaandika usiku, na wanalia. Ndugu yangu, siku ileile, kabla hujalala, badilisha tiketi uweke tarehe nyingine ya karibu, hata kama kuna faini lipa. Halafu andika uligeuka wapi: kwenye ukaguzi? kwenye lango la kupandia? Hiyo ndo ngazi uliyoikosa kwenye daftari lako. Tafuta video ya mahali hapohapo, vaa kesho asubuhi, na mwambie msaidizi akuulize namba.